Mtaalamu wa Afya Kazini: Anayofunzwa, na Yanayoihusu Kaya

Somo hili limekusudiwa kaya zinazozungumza Kiswahili katika Bustan na vitongoji jirani vya Muscat: zile zilizokwisha kukaa miaka mingi, na zile zilizowasili majuzi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi na Kongo kutafuta riziki. Linahusu kazi ya watu ambao wengi huwaona kwa mbali tu, wamevaa kofia ngumu na kushika karatasi, pasi na kujua wamefunzwa nini na wamekuja kumtetea nani. Kaya inayoielewa kazi hiyo huweza kumpa mtaalamu habari anazozihitaji, huweza kudai kinachostahili kudaiwa, na mahali ambapo mtaalamu hafiki huweza kutumia yenyewe sehemu ya elimu yake. Mahali asipofika si pachache.

Bustan ni eneo lililobanwa kati ya milima ya mawe na bahari ya Oman. Jina lake ni neno lile lile la bustani. Mgeni hupafahamu kwa hoteli ya kifalme iliyofunguliwa mwaka 1985, kwa jengo la Baraza la Oman, na kwa jahazi la Sohar lililosimamishwa kwenye mzunguko wa barabara, ambalo mwaka 1980 lilitoka Oman na mwaka uliofuata likafika China. Mfanyakazi hupafahamu kwa njia nyingine: mlima unaorudisha joto la jua hata baada ya magharibi, chumba cha kufulia shuka chenye mvuke, mashine ya kukatia vigae, bomba la dawa ya kunyunyizia mitende, boti ya uvuvi, na choo kisicho na dirisha kinachopaswa kung'aa kila siku.

Kabla ya daktari

Taaluma inayozungumzwa hapa mara nyingi huitwa usafi wa kazini, jina ambalo limewapotosha wengi wakadhani kwamba anayekuja ni mkaguzi wa mifagio. Usafi unaokusudiwa ni wa hewa anayoivuta mfanyakazi, pamoja na sauti inayoingia masikioni mwake, joto linalouzunguka mwili wake na vitu vinavyoigusa ngozi yake. Daktari humpokea mtu akiwa ameshaanza kukohoa. Mtaalamu huyu hufika mahali pa kazi kabla ya kikohozi, huuliza ni kitu gani kinachotiwa hewani, kisha hutafuta namna ya kukizuia pale kinapotoka.

Fikra hiyo ni ya zamani. Daktari wa Kiitalia Bernardino Ramazzini, aliyefanya kazi mjini Modena, alimtazama mtu aliyekuja kusafisha shimo la choo nyumbani na akastaajabu kwa haraka aliyokuwa nayo. Alipomwuliza sababu, mtu yule alimjibu kwamba anayekaa mle ndani kwa saa nyingi huumia macho kiasi cha kukaribia upofu. Ramazzini aliyachunguza macho ya watu wa kazi hiyo, kisha akaendelea kuwauliza wengine: wachimba madini, wafinyanzi, waandishi, wakunga. Mwaka 1700 alichapisha kitabu juu ya maradhi ya wafanyakazi, na humo aliwataka madaktari waongeze swali moja katika yale waliyozoea kumwuliza mgonjwa, yaani kazi yake ni ipi.

Zaidi ya miaka 300 baadaye swali hilo bado husahauliwa. Mgonjwa huulizwa jina, umri, nambari ya kitambulisho na mahali panapouma, akatoka na dawa ya kikohozi kurudi kwenye vumbi lile lile. Kwa sababu hiyo mgonjwa asingoje kuulizwa. Na aseme mwenyewe, au mwenye kumfasiria aseme kwa niaba yake, kwamba hukata mawe, hupaka rangi magari, hunyunyizia dawa ya wadudu au husafisha vyoo kwa tindikali, na kwamba maumivu hupungua siku za mapumziko. Neno hilo la mwisho lina uzito mkubwa. Ugonjwa unaopungua siku ya Ijumaa na kurudi siku ya Jumapili humfundisha daktari mahali pa kutazama.

Wanavyofunzwa

Mafunzo ya wataalamu hawa, popote yatolewapo, hujengwa juu ya vitendo vitatu: kutambua, kupima na kudhibiti. Baadhi huvisomea chuoni kwa miaka. Katika Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Dar es Salaam, kimekuwa kikifundisha afya kazini, na watafiti wake pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, wamepima vumbi wanalolivuta wafanyakazi wa viwanda vya kahawa nchini Tanzania. Wengine husoma kozi fupi, za siku 5 hivi, zilizopangwa na jumuiya ya kimataifa ya mafunzo hayo, OHTA, kila moja kwa somo lake: joto, kelele, asbesto, upimaji wa kemikali, mkao wa mwili kazini. Vitabu vya wanafunzi wa kozi hizo hutolewa bila malipo, jambo jema kwa kijana wa Kiswahili anayesoma Kiingereza na kutafuta taaluma yenye ajira katika nchi za Ghuba.

La kwanza analofunzwa mwanafunzi ni kutoziamini hisi zake. Vumbi linaloonekana likicheza katika mwali wa jua hunaswa kwa sehemu kubwa puani na kooni. Linaloharibu mapafu ni lile lisiloonekana, lenye chembe ndogo kuliko mikroni 10, ilhali unywele wa mtu hukaribia mikroni 70. Pua nayo ni shahidi dhaifu. Hewa ya salfidi ya hidrojeni, inayojikusanya katika mashimo ya maji machafu, hunuka kama yai bovu ikiwa kidogo. Ikizidi, huua uwezo wa kunusa, na anayeivuta hudhani imeondoka. Ndiyo maana katika mashimo hayo hufa mara nyingi watu wawili au watatu kwa mpigo: wa kwanza aliyeshuka kufanya kazi, na wenzake walioshuka kumwokoa. Asishuke mtu kumfuata mwenzake aliyeanguka shimoni. Hata ndugu yake asishuke. Na apigiwe simu kikosi cha uokoaji, nambari 9999.

Baada ya kutambua hufuata kupima. Mtaalamu humfunga mfanyakazi pampu ndogo kiunoni, akapitisha mpira hadi kwenye ukosi wa shati, karibu na pua, na mfanyakazi akaendelea na kazi yake kwa zamu nzima. Kichujio kilichonasa vumbi hupelekwa maabara na kupimwa uzito. Baadhi ya wafanyakazi huogopa kifaa hicho wakidhani kinarekodi mazungumzo au uvivu. Hakirekodi chochote cha aina hiyo. Aliyekivaa anatoa ushahidi kwa niaba ya wote wafanyao kazi kama yake, na asikifunike wala kukipeleka mahali penye hewa safi ili kumfurahisha msimamizi.

Kelele hupimwa kwa desibeli, na hesabu yake huwashangaza wengi. Kiwango kinachotumiwa sana ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zinapoongezeka desibeli 3, nguvu ya sauti huongezeka mara mbili, hivyo muda salama hupungua kwa nusu: desibeli 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa 1. Mashine ya kukatia mawe inayofikia desibeli 100 humaliza fungu la siku nzima kwa dakika 15. Usikivu uliopotea kwa njia hii haurudi, wala haumi ukiondoka. Kwa kawaida mke au mama ndiye anayegundua kwanza, kwa sababu televisheni imeanza kufunguliwa kwa sauti kubwa.

Mpangilio wa hatua za kinga

Kitendo cha tatu, kudhibiti, ndicho kinachomtofautisha mtaalamu na muuza barakoa. Hatua za kinga zina mpangilio wake. Kwanza huulizwa kama kihatarishi kinaweza kuondolewa kabisa. Kikishindikana kuondolewa, hutafutwa kitu kingine kisicho na madhara kitumike badala yake. Kisha hutazamwa uwezekano wa kukizuia kwa ufundi: maji, feni ya kuvuta hewa, kizuizi, mashine iliyofunikwa. Hufuata mpango wa kazi, kama vile kupunguza saa na kubadilishana zamu. Vifaa vya kujikinga, yaani barakoa, glavu, miwani na viziba masikio, huja mwisho kabisa.

Katika maeneo mengi ya kazi mpangilio huu hugeuzwa juu chini. Barakoa hutolewa asubuhi, na akiugua mtu huambiwa hakuivaa vizuri. Ni rahisi kuelewa sababu: barakoa ni ya bei ndogo, na lawama yake humwangukia aliyeivaa. Lakini barakoa haiondoi hata chembe moja hewani. Inayofaa kwa vumbi zito lazima ibane uso pande zote, na ndevu, hata za siku chache, hufungua njia pembeni. Ikilowa jasho huvutwa kwa shida, na mwenye kuivaa huishusha kidevuni ili apumue. Aliyefunzwa hushughulikia kwanza mashine.

Jiwe la kukata ni mfano ulio wazi. Katika granite na katika mawe ya kutengenezwa kiwandani yanayotumiwa kwa meza za jikoni mna silika, na katika hayo ya kiwandani huweza kuzidi sehemu 90 kwa mia. Jiwe likikatwa kavu, silika huruka katika chembe zisizoonekana, hushuka hadi mwisho wa mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, hauna tiba ya kuuondoa, na humweka mgonjwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Kiasi kinachodhuru ni kidogo mno: kikomo kilichowekwa Marekani mwaka 2016 ni miligramu 0.05 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 8. Australia ilipoona vijana wa karakana za meza za jikoni wakiugua, ilianza hatua ya kwanza ya mpangilio, ikayapiga marufuku mawe hayo ya kiwandani kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Mahali ambapo hayajapigwa marufuku, kukata kwa maji yanayomiminika kwenye msumeno hupunguza vumbi kwa kiasi ambacho barakoa peke yake haiwezi. Fundi mwashi wa Bustan anayepewa mashine kavu na barakoa ya karatasi ana haki ya kuuliza mpira wa maji uko wapi.

Vumbi hilo haliishii kazini. Hurudi na mtu nyumbani katika nguo, nywele na viatu. Katika historia ya asbesto, wake wa wafanyakazi waliugua saratani ya utando wa mapafu kwa kufua tu nguo za waume zao, bila wao kukanyaga kiwandani. Nguo za kazi zibadilishwe kazini ikiwezekana. Zikiletwa nyumbani zisikung'utwe, zifuliwe peke yake, na mtoto asipakatwe kabla ya baba kuoga.

Joto la Bustan

Katika vihatarishi vyote vya Muscat, joto ndilo linalowafikia watu wengi zaidi. Mwili hujipoza kwa jasho, na jasho hupoza pale tu linapokauka. Pwani ya Oman kiangazi joto la hewa huweza kupita nyuzi 40, na bahari huongeza unyevu. Jasho hutiririka lisikauke, na mtu hupoteza maji na chumvi bila kupata ubaridi wowote. Katika eneo lililozungukwa na majabali kama Bustan, mawe nayo hutoa joto yaliyolihifadhi mchana kutwa.

Kwa hiyo mtaalamu hatosheki na kipimajoto cha kawaida. Kifaa chake kina vipimajoto vitatu: kimoja kimefungwa kitambaa chenye maji ili kuonyesha kama jasho litakauka, kimoja kimo ndani ya tufe jeusi ili kupima mng'ao wa jua na mawe, na cha tatu ni kikavu. Juani, kipimajoto chenye maji huhesabiwa sehemu 70 kwa mia, tufe jeusi 20, na kikavu 10 tu. Yaani nambari inayotangazwa redioni ndiyo yenye uzito mdogo kuliko zote. Siku yenye nyuzi 36 na unyevu mwingi huweza kuwa mbaya kuliko siku kavu ya nyuzi 42.

Kanuni za Oman za usalama na afya kazini, zilizotolewa kwa uamuzi wa waziri namba 286 wa mwaka 2008 na kurekebishwa baadaye, zinakataza kazi katika maeneo ya ujenzi na maeneo ya wazi yenye joto kali kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9:30 alasiri, miezi ya Juni, Julai na Agosti. Kanuni hii ni njema na imewaokoa wengi. Hata hivyo saa 5 asubuhi si salama kwa sababu tu marufuku hayajaanza, wala Mei na Septemba si miezi ya baridi. Jikoni na chumba cha kufulia havina jua, lakini vina mvuke, na mwili hautofautishi.

Anayekabiliwa na hatari kubwa kuliko wote ni mgeni. Kijana aliyeondoka Iringa au Arusha katika kipupwe cha Julai, akateremka Muscat siku hiyo hiyo, ana mwili uliozoea baridi. Mwili huchukua siku 7 hadi 14 kujifunza joto: jasho huanza mapema zaidi, chumvi hupotea kidogo zaidi, moyo hutulia. Mwongozo unaotumiwa na wataalamu ni kwamba mfanyakazi mpya afanye sehemu 20 kwa mia ya kazi ya juani siku ya kwanza, kisha aongezewe 20 kila siku. Mzoefu aliyerudi kutoka likizo ndefu nyumbani aanze na nusu, kwa kuwa mazoea hayo hupotea upesi. Vijana wengi hufanya kinyume chake, wakitaka kumwonyesha msimamizi siku ya kwanza kabisa kwamba wana nguvu. Wazee wa kaya, ambao kijana huwasikiliza kuliko anavyosikiliza bango, na wamwambie hivyo kabla hajaenda kazini.

Maji yanywewe kidogo kidogo, kikombe kimoja kila baada ya dakika 15 au 20, bila kungoja kiu, na yasizidi lita moja na nusu kwa saa. Mwezi wa Ramadhani kinga huwa katika saa za kazi, kivuli na mapumziko, na kwa hiyo ni juu ya mwajiri zaidi kuliko wakati mwingine wowote. Mkojo wa rangi ya chai, maumivu ya misuli na kichwa kuuma ni onyo. Kupungukiwa maji kila siku kwa miaka huumiza figo, na ugonjwa wa namna hiyo umeonekana kwa wakata miwa wa Amerika ya Kati, vijana wasio na kisukari wala shinikizo la damu.

Mtu akianza kusema maneno yasiyo na mpango, akiyumba, akigombana bila sababu au akizimia juani, hiyo ni dharura ya kufisha iitwayo kiharusi cha joto. Huweza kutokea ngozi ikiwa kavu, na huweza kutokea ikiwa imelowa jasho. Apigiwe simu 9999, apelekwe kivulini, avuliwe nguo za juu, amwagiwe maji mwili mzima na kupepewa bila kusita mpaka gari lifike. Kumpoza huanza hapo hapo alipo. Asinyweshwe maji akiwa hana fahamu, na asiachwe peke yake alale ili apumzike.

Nyumba isiyopigwa hodi na mkaguzi

Mkaguzi huingia kwenye eneo la ujenzi na jikoni mwa hoteli. Nyumba ya mtu haiingii, na mahusiano ya mfanyakazi wa nyumbani na mwajiri wake huongozwa na kanuni zake mahususi, mbali na sheria ya jumla ya kazi. Wengi wa wasichana na akina mama wa Afrika Mashariki walioko Oman hufanya kazi humo. Kwao elimu ya mtaalamu haina budi kupita kwa ndugu na majirani, na mara nyingi hupita kwenye mazungumzo kama haya ya siku ya Ijumaa:

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti imekauka?"

"Nadhani mafua. Tangu jana nilipokuwa nikisafisha choo, kifua kinabana."

"Ulitia dawa gani?"

"Nilitia jiki. Madoa yakakataa kutoka, nikaongeza ile ya kung'arisha marumaru."

"Juu ya jiki?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na dirisha?"

"Hakuna dirisha. Kuna feni, lakini imeharibika."

Kwa maswali matatu shangazi ametambua kihatarishi, kazi ambayo daktari asiyeuliza angeikosa. Jiki ikichanganywa na tindikali ya kusafishia choo hutoa hewa ya klorini, ambayo huunguza macho, koo na mapafu. Ikichanganywa na dawa yenye amonia hutoa hewa nyingine yenye madhara kama hayo. Anayeivuta atoke mara moja, afungue milango, asirudi kusuuza choo mpaka hewa iwe safi. Macho yaoshwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kukohoa au kubanwa pumzi kunakozidi baada ya saa kadhaa ni sababu ya kwenda hospitali usiku huo huo, kwa kuwa mapafu huweza kuvimba baadaye, mtu akidhani yamekwisha.

Mpangilio wa hatua za kinga hufanya kazi hapa kama unavyofanya kwenye karakana. Mchanganyiko huondolewa kabisa: dawa moja kwa wakati mmoja, na maji mengi kati yake. Kwa usafi wa kila siku sabuni hutosha badala ya tindikali. Feni hutengenezwa, na mpaka itengenezwe mlango huachwa wazi. Dawa haimiminwi kwenye chupa ya maji ya kunywa, kwani humo ndimo watoto wanamoikuta. Glavu huja mwisho.

Kuzungumza na mwenye nyumba juu ya mambo haya huhitaji busara. Binti asiyethubutu kusema kifua chake kinauma huweza kusema, kwa adabu na kwa kweli, kwamba hewa ya choo kile huwafikia watoto wa nyumba pia, na kwamba feni ikitengenezwa kitanufaika kila mtu. Familia nyingi za Muscat zinajua Kiswahili, nyingine kwa sababu ya wazee wao waliokaa Unguja na Pemba, na neno husikika vizuri zaidi likisemwa katika lugha ambayo pande zote mbili zinaielewa. Isipofaa, na afya ikaendelea kuharibika, shauri huweza kupelekwa Wizara ya Kazi au ubalozi wa nchi yake.

Karatasi ya kwenda nayo

Nchi walikotoka wasomaji wengi zina sheria za usalama na afya kazini: Tanzania Bara ya mwaka 2003, Zanzibar ya mwaka 2005, Kenya ya mwaka 2007. Ile ya Tanzania Bara inataka mfanyakazi apimwe afya kabla ya kuanza kazi, wakati wa kazi na anapoondoka. Kipimo cha kwanza ndicho kinachosahauliwa na ndicho chenye manufaa zaidi baadaye, kwa kuwa bila hicho hakuna awezaye kuonyesha kwamba masikio au mapafu yalikuwa mazima siku ya kuanza. Anayekuja Oman aje na nakala ya vipimo vyake vya kabla ya safari, ikiwamo picha ya kifua, na aihifadhi mwenyewe.

Kwa ziara ya zahanati, kaya iandae karatasi moja kwa Kiarabu au Kiingereza. Iandikwe kazi anayoifanya mgonjwa na tangu lini, vitu anavyovishika na saa ngapi kwa siku, dalili zilianza lini, hupungua lini, na kama wenzake wa kazi wanaugua vivyo hivyo. Kibandiko cha chupa ya dawa kipigwe picha kwa simu. Kwa dawa ya wadudu chupa yenyewe ipelekwe, imefungwa vizuri, kwa kuwa tiba hutegemea jina la sumu iliyomo. Mtunza bustani aliyenyunyizia dawa, kisha akatokwa na jasho na mate mengi, akatapika, na mboni za macho zikawa ndogo kama ncha ya kalamu, hapaswi kungoja asubuhi. Avuliwe nguo, aoshwe kwa sabuni na maji, na anayemwosha avae glavu.

Mtoto wa shule asifanywe mkalimani wa habari hizi akiwapo mtu mzima awezaye. Mtoto huficha neno asilolielewa, na mara nyingi neno hilo huwa jina la kemikali.